Zamu ya Nyumba Yetu

Watu wa Walikale wananionea huruma kwa sababu ya miguu yangu. Nawaacha tu, maana hawajui kitu ninachokililia. Miguu ya kutembea sijawahi kuwa nayo, sasa nitaililiaje? Ninachotamani mimi ni mabega. Mabega ya watu wa kilima chetu kule Masisi, juu ya Kibabi, yenye harufu ya jasho na moshi na maziwa, yakinishusha shuleni Jumatatu asubuhi na kunipandisha nyumbani Ijumaa mchana. Hapa nina baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, zawadi nzuri kabisa, na mvua ikinyesha inazama kwenye tope mpaka katikati ya magurudumu. Basi napanda pikipiki. Kwenye pikipiki naona mgongo wa koti la dereva. Kwenye kipoyi nilikuwa naona mbingu yote.

Kipoyi ni kitanda cha mianzi kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu, na chini yake watu wanne, kila mmoja na ngata ya nguo begani. Kwetu gari halipandi. Kwa hiyo kila nyumba ya kilima iko ndani ya shirika la kipoyi, na kila nyumba inatoa bega moja. Kipoyi kinatoka kwa mambo matatu: mgonjwa anayeshuka hospitali, mwanamke aliyeshindwa kuzaa nyumbani, na maiti inayorudishwa. Na yeyote anayekutana nacho njiani, awe wa kilima kingine, awe mtu mliyegombana naye jana juu ya mpaka wa shamba, anatua mzigo wake na kuingiza bega mpaka kona inayofuata. Haulizi kitu.

Mambo matatu. Shule haikuwamo.

Shule yenyewe ilikuwa chini kabisa, pale njia ya miguu inapokutana na barabara ya gari. Mwalimu mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, aliifungua kwa ajili ya watoto kama sisi: wasiosikia, wasioona, wasiotembea, na wale ambao kijiji kinasema tu, "Huyu iko vile," halafu kinageuza uso. Vyumba viwili vya mbao, cha kusomea na cha kulala. Kila nikisimulia, kuna mtu anauliza ni mzungu gani aliyeijenga. Hakuna! Ilijengwa kwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi baada ya Jumamosi, kila nyumba ikileta ubao wake mmoja, na ndiyo maana kuta zilikuwa na rangi nane. Mabati yalitolewa na mfanyabiashara mmoja aliyetoka pande za Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, ambaye alikiri mbele ya watu kwamba ameyatoa ili Mwalimu aache kusimama kwenye mlango wa duka lake na kuwatisha wateja. Wenye ng'ombe wa juu walileta maziwa. Mama wa mashamba walileta maharage wakati wa mavuno, na watoto wasioona waliyachambua haraka kuliko sisi tulioona, kisha wakatucheka.

Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi. Baba alikufa kabla sijaijua sura yake. Mama alinibeba mgongoni mpaka nikafika miaka tisa, na mimi sikuwa mtoto mwepesi, nasema ukweli. Siku aliponipeleka kuiona ile shule, kushuka tulishuka vizuri. Kupanda alisimama mara saba. Mara ya saba alinikalisha juu ya jiwe, akanipa mgongo, akajifanya anaangalia mashamba ya watu. Niliona mabega yake yanatikisika. Alipogeuka alikuwa amejipangusa tayari.

"Utasoma," akasema.

"Namna gani, Mama?"

"Nimesema utasoma. Namna iko kazi yangu."

Jumapili ya wiki ile, baada ya ibada, alinibeba mpaka kwa mzee wa kipoyi. Huyo alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayekihifadhi kipoyi chini ya paa la nyumba yake na kujua sheria zake zote kwa kichwa. Wanaume wa shirika walikuwa wamekaa hapo wakinywa. Mama hakukaa.

"Papa, ninaomba kipoyi. Jumatatu kumushusha mutoto ku masomo, Ijumaa kumupandisha."

"Mutoto wako iko mugonjwa?"

"Hapana. Anakula kunipita."

Wakacheka. Mzee hakucheka. "Mama, kipoyi iko ya wagonjwa. Tukibeba muntu muzima, si njo kuita ugonjwa wenyewe?"

Mwingine, fundi wa viatu, akaongeza kwamba hata kama ni hivyo, nyumba yetu haina bega. Nyumba isiyo na mwanaume haitoi zamu, na nyumba isiyotoa zamu haiwezi kubebewa mtu kila wiki. Kwa ugonjwa, sawa. Kwa kusoma?

"Bega ninalo," mama akasema.

"La nani?"

"Langu."

Pale kelele zikaanza. Mwanamke chini ya mti wa kipoyi, nani aliona wapi? Mama aliwaacha wapige kelele yao mpaka ikaisha. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akainama mbele yao mmoja mmoja, awaonyeshe paji la uso, pale kamba ya mzigo ilipochimba mfereji tangu utoto wake. Kwetu wanawake wanabeba hivyo, kamba kwenye paji, mzigo mgongoni.

"Muangalie vizuri," akasema. "Viazi vyenu vinapita hapa. Kuni zenu. Maji yenu ya kunawa. Mugongo haujaulizwa siku moja kama iko wa mwanamuke. Bega tu njo mutaliuliza?"

Wake za watu, waliokuwa nyuma ya nyumba wakijifanya wanachambua mboga, wakapiga vigelegele. Fundi wa viatu akatazama viatu vyake. Mzee wa kipoyi alijikuna shingo kwa muda mrefu, halafu akatoa hukumu, na hukumu ile naikumbuka neno kwa neno maana maisha yangu yote yalikaa juu yake.

"Basi. Jumatatu. Nyumba yako imeingia ya mwisho, itaitwa ya mwisho. Lakini sikia, Mama: siku nyumba yako itaitwa na bega halipo, njo mwisho wa masomo. Sitauliza ulikuwa wapi."

"Nitakuwa pale," mama akasema.

Jumatatu ya kwanza, sasa, tuliharibu kila kitu. Kulikuwa na manyunyu baridi yale ya kwetu, na mama, kwa kunipenda, alinifunika kitenge kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale wenye akili aliyefikiri. Maana kwetu kipoyi chenye mtu aliyefunikwa uso ni maiti! Mimi nilishikwa na usingizi kwa ule mwendo wa kubembeleza. Wao wanashuka kimya, mvua inawapiga, na kila tunayekutana naye anavua kofia, anatua mzigo, anaingiza bega, anasema pole. Na wao wanajibu "Aksanti," wakidhani wanapewa pole ya mvua.

Kufika chini, mama mmoja muuza mandazi alisogea aniage. Harufu ya mandazi ikanipata chini ya kitenge. Nikaketi, nikafunua uso, nikasema, "Mama, unigawie moja." Ee! Yule mama alitupa beseni, akakimbia akimwita Bikira Maria, na mpaka leo watu wa barabara ile wanasema mandazi yaliokotwa siku mbili. Habari ya kufa kwangu lakini ilikuwa imeshatangulia. Mama aliporudi nyumbani mchana alikuta kilio kimejaa uani, watu wameleta kuni na maharage, shangazi yangu amejitupa chini, na wanagombana ni wapi nizikwe. Alipowaambia niko darasani, shangazi alikasirika zaidi kuliko alivyokuwa amelia. Maharage hatukurudisha. Yalienda shuleni.

Mwalimu ndiye aliyetafuta dawa. "Kuanzia leo," akawaambia, "huyu hatalala. Ataketi, uso wazi, na kazi atakuwa nayo." Akachukua kibao cheusi cha kuandikia, akaandika juu yake nyumba zote za kilima kwa mpangilio wa zamu, akanitundikia shingoni. Kwenye kila kituo cha kubadilishana ni mimi niliyepaswa kusoma nyumba inayofuata. Kusoma! Sikujua hata herufi moja. Wiki za kwanza nilidanganya, nikaita kwa kukariri, mpaka siku moja Mwalimu alibadilisha mpangilio bila kuniambia nikaaibika mbele ya kipoyi kizima. Nikajifunza. Maneno yangu ya kwanza kuyasoma duniani hayakuwa ya kitabu chochote. Yalikuwa nyumba.

"Nyumba ya mukaratusi!"

"Niko!"

"Nyumba ya fundi viatu!"

"Niko!"

"Nyumba ya kwa ng'ombe!"

"Niko!"

"Nyumba ya kinu!"

"Niko, usipige kelele, sina masikio ya mbuzi!"

Watu njiani walipokijua kibao kile, hawakuvua kofia tena. Walitania. "Mudogo, leo umejifunza nini?" Wengine waliingiza bega ili tu niwaandikie jina la mtoto wao kwenye kona ya kibao, walitazame kidogo, kisha nilifute. Kuna baba mmoja mchoma makaa alilitazama jina la binti yake mpaka tukamwambia tunachelewa.

Na kituo cha mwisho, pale penye mteremko mbaya wa udongo mwekundu, niliita: "Nyumba yetu!"

"Niko," mama alijibu. Hakuwahi kupiga kelele kama wanaume. Alisema tu, kama mtu anayeulizwa kama amekula.

Mama alikuwa mfupi kuliko wabebaji wenzake. Akiingia yeye, kipoyi kililala upande wake, na mimi niliteleza polepole mpaka kichwa changu kikawa karibu na kitambaa chake cha kichwa, kilichonuka moshi wa mukaratusi. Wanaume walilalamika, kipoyi kinapinda, mtoto atamwagika. Mimi nilikuwa naomba mteremko usiishe. Mpaka leo nikilala naegemea upande wa kushoto, upande wake, na nikiamka nimejikuta upande wa kulia, siku yangu imeharibika.

Miaka sita. Kushuka na kupanda. Mara moja tu niliogopa kweli. Malaria ilimshika mama siku tatu, na Jumatatu akaamka akitetemeka mpaka meno yakagongana. Mzee wa kipoyi mwenyewe alimwona. Fundi wa viatu, yule yule, akamwambia taratibu, "Dada, leo nitakuingilia zamu. Hakuna mwenye kusema kitu."

"Papa amesema siku bega halipo."

"Nimesema mimi, na mimi njo ninaweza..." mzee akaanza.

"Hapana, Papa. Usianze kunihurumia. Huruma iko na mwisho."

Nikawa namwombea Mungu mteremko ufupike, mimi niliyekuwa naomba usiishe. Nilipofika kwenye kituo cha mwisho sikutaka kuita. Nilikumbatia kibao. Mama akageuka, macho mekundu. "Soma," akasema. Nikasoma. "Niko," akasema, akaingia. Alinifikisha mlangoni pa shule, akakaa kwenye nyasi, akatapika. Mzee wa kipoyi alivua kofia yake mbele yake, na hakukuwa na maiti.

Kisha nilikua. Niliendelea na masomo kwingine, kwa msaada wa huyu na yule, nikawa mwalimu. Vita vilipanda na kushuka vilima vyetu mara nyingi kuliko kipoyi. Shule yetu ya rangi nane ikalaliwa na wakimbizi wa ndani, na mbao zikageuzwa kuni, moja baada ya nyingine. Siwalaumu. Mvua ya Masisi wanaijua walioilalia nje. Lakini siku nilipoambiwa, nililia kwa hasira, nikataja ubao mmoja mmoja na nyumba iliyouleta, kama mwehu.

Kanisa moja la Walikale liliniita nianzishe darasa kwa watoto wa aina yetu, nikaja. Hapa watu ni wa msitu. Wanalima, wanawinda, wanasali Jumapili, na baadhi yao wana mambo yao ya wazee ambayo sikuulizwa na sikuuliza. Mwanzo waliwaficha watoto wao kama watu wote. Niliwasimulia habari ya kipoyi, na wiki iliyofuata baba mmoja mwindaji akaja amembeba binti yake wa miaka kumi na miwili, akamweka chini, akasema, "Bega lenyewe njo hili. Unifundishe zamu." Sasa wanapokezana. Wanaleta ndizi, mafuta ya mawese, na wamenijengea darasa la miti na majani ambalo halivuji sana. Nawapenda. Lakini wanapopita na mtoto begani nikiwa mlangoni, moyo wangu unapanda kilima kingine kabisa, na nikiitwa Mwalimu nachelewa kuitika.

Mama alikataa kunifuata. "Huko msituni hakuna viazi," alisema kwenye simu. Kila alipokimbia alirudi. Tulizungumza siku alizopanda kwenye jiwe lenye mtandao, na ni jiwe lile lile alilonikalisha mara ya saba. Mwaka jana barabara kati yetu ilifungwa kwa vita, pikipiki hazikupita, na mimi siyo mtu wa kupita porini. Ndipo akaanguka shambani, upande mmoja wa mwili ukalala.

Mzee wa kipoyi alinipigia. Bado yuko, amekauka zaidi. Akasema wanamshusha hospitali ya Kirotshe. Nimalize jambo moja hapa hapa, maana sitaki lije mwishoni: walimfikisha, hospitali ikampokea vizuri, na siku ya nne mama yangu alituacha. Kipoyi kilimrudisha amefunikwa, na safari hii hakukuwa na kosa. Sikumzika. Nimeyasema. Sasa niacheni nirudi njiani, kwenye mchana ule anashuka bado ni mzima.

Nilikuwa darasani. Simu ikalia, nikaweka sauti kubwa, nikailaza mapajani. Wazazi wa zamu walikuwa mlangoni, watoto mbele yangu. Mzee akasema, "Mutoto wangu, kuna tatizo. Watu wa kilima wametawanyika. Hawa wabebaji wengine iko wageni, hawajui zamu. Kibao hatuna. Utuitie."

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua?"

Nikaita. Sikuhitaji kibao.

"Nyumba ya mukaratusi!"

"Niko." Sauti ya mtoto wa yule niliyemjua, sasa mwanaume.

Ikapita nusu saa. Sikukata simu. Tulisikia miguu, mawe yanayoporomoka, mtu anakohoa. Watoto wangu wa Walikale walisogea karibu na simu.

"Nyumba ya fundi viatu!"

Nikakumbuka wako kambini, wote, na fundi mwenyewe amekufa.

"Niko," sauti nisiyoijua ikasema.

"Nani huyo, Papa?"

"Mupita njia. Ametua muzigo."

Niliita nyumba ya kwa ng'ombe, ambapo hakuna ng'ombe tena, na mtu akaitika. Niliita nyumba ya kinu, na mwanamke akaitika, mwanamke! Nikamwuliza mzee kama nimesikia vizuri. Akasema, "Tangu mama yako, wanawake wanaingia. Hukujua?" Sikujua. Hakuwahi kuniambia.

Kisha wakafika kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Nilijua kabla hajasema, nilisikia miguu imepunguza mwendo. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja. Bega lake la kwanza lilikuwa limelala juu ya kipoyi, la pili ni hili langu, liko Walikale limekaa kwenye kiti, halijawahi kumbeba mtu tangu lizaliwe.

"Papa, hii turuke."

"Haturuki nyumba. Uite."

"Siwezi."

"Uite, mutoto wangu. Anakusikia."

Nikafunga macho.

"Nyumba yetu!"

Miguu ikasimama. Nilisikia upepo, na mtu anayerekebisha ngata. Halafu kutoka juu ya kipoyi, ikiburuta maneno kwa upande mmoja wa mdomo, ikaja sauti ya mama, kama mtu anayeulizwa kama amekula.

"Niko."